Usiku wa Barafu Huamuliwa Msituni

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huwaza baridi. Huulizia digrii za kileleni, hununua soksi nene, hukodi koti kubwa. Baridi ipo kweli. Kambi ya Barafu iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, kipimajoto hushuka chini ya sifuri, mara nyingi hadi hasi 10 na zaidi. Lakini ukivichunguza vifaa vinavyowaangusha watu pale Barafu, utaona kuwa vingi havikushindwa na baridi. Vililowa siku chache nyuma, chini kabisa msituni, na tangu hapo havikupata nafasi ya kukauka.

Njia yenyewe inaeleza sababu. Lango la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi, na siku nzima ya kwanza mtu hutembea ndani ya msitu mpaka kambi ya Machame, mita 2,835. Huu ni upande wa kusini, unaopata mvua kuliko pande nyingine za mlima. Katika ukanda wa msitu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata nje ya masika na vuli ukungu peke yake unatosha kulowesha begi. Ukishaupita msitu unafika kambi za Shira, Barranco, Karanga, kisha Barafu. Huko juu hewa ni kavu, lakini jua la kuanikia ni la saa chache na usiku kila chenye maji huganda.

Koti, mfuko wa kulalia, soksi, vyote hufanya kazi kwa kanuni moja: hushika hewa iliyotulia karibu na mwili. Maji yakichukua nafasi ya hewa hiyo, kinga imekwisha, kwa sababu maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa kila kifaa cha njia hii liwe, "Kitabakije kikavu?" Swali la kinavyopasha joto lije baadaye.

Tuanze na begi la mgeni. Kampuni nyingi hulitia ndani ya kiroba kikubwa, mpagazi akalibeba kichwani au begani. Kiroba huzuia tope na mikwaruzo, ila hakizuii mvua ya saa tano. Maji hupenya kwenye zipu na kwenye mishono, na begi likishatuliwa chini hunywa maji ya ardhini kwa upande wa kitako. Wenye uzoefu hukinga kutokea ndani: mfuko wa kulalia kwenye mfuko wake usiopitisha maji, nguo za kileleni kwenye mwingine, nguo za kulalia kwenye wa tatu. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki ya dukani, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia Juni 1, 2019, na kwa jambo hili hatujapoteza kitu, maana ilikuwa inachanika siku ya pili. Mifuko ya turubai jepesi, ambayo mdomo wake hukunjwa mara tatu kisha ukafungwa kwa kishikizo, hudumu miaka. Kosa la kawaida ni kuikunja mara moja tu, au kuijaza mpaka mdomo ukakosa nafasi ya kukunjika.

Mfuko wa kulalia ndicho kifaa ambacho watu wengi hukodi bila kukisoma. Lebo iliyofuata kipimo cha kimataifa huonyesha namba tatu: joto ambalo mwanamke wa kawaida atalala kwa raha, joto ambalo mwanamume wa kawaida ataweza kulala akiwa amejikunja, na joto la hatari, ambalo mtu anaweza kunusurika kwa saa chache lakini si kulala. Ile "hasi 20" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ganda huenda ikawa hii ya tatu. Kwa hiyo fuata namba ya raha, na kwa Barafu itafute iliyo chini ya sifuri kwa digrii kadhaa.

Kisha kuna manyoya na nyuzi za viwandani. Manyoya ya bata ni mepesi na hupasha joto vizuri kuliko chochote cha uzito huo, lakini yakilowa hushikamana mabonge na hayakauki mlimani. Nyuzi za viwandani ni nzito na hujaza begi, ila zikipata unyevu bado hubakiza sehemu ya joto lake, na hukauka upesi. Mwenye mfuko wake wa manyoya anayejua kuutunza, aende nao. Kwa mifuko ya kukodisha, inayopita mikono mingi na kufuliwa mara kwa mara, ningechagua nyuzi bila kusita. Na wa aina yoyote ile, mwili hutoa jasho usiku kucha na jasho hilo hubaki ndani ya mfuko. Jua likitoka asubuhi pale Shira au Karanga, mfuko ugeuzwe nje ndani na uanikwe juu ya hema wakati watu wanakunywa chai. Nusu saa hiyo ndiyo itakayokulaza Barafu.

Hema nalo lina siri yake. Wageni wengi wakiamka na kukuta matone ndani hudhani hema linavuja, kumbe mara nyingi ni pumzi zao wenyewe zilizogeuka maji kwenye kitambaa cha baridi. Hema la mlimani huwa na matabaka mawili, na kazi yake inategemea nafasi iliyopo kati yake. Kamba zikilegea, tabaka la nje hugusa la ndani na matone hupita. Naijali hatua hii kuliko bei ya hema: baada ya mvua, mtu azunguke akaze kila kamba, hasa kama kitambaa ni cha nailoni, kwa kuwa nailoni ikilowa hutanuka. Poliesta hutanuka kidogo na hustahimili zaidi jua kali la mlimani. Matundu ya hewa yaachwe wazi hata kukiwa na baridi. Na jiko lisiingizwe ndani ya hema la kulala kwa sababu yoyote: mvuke wake hulowesha kila kitu, na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, huua watu waliolala.

Sasa tufike mahali ambapo vifaa vingi huharibikia, napo ni chini ya mlima, mjini Moshi. Njia ya Machame hushukia Mweka, na kambi ya mwisho iko kwenye mita 3,100 hivi, unapoanza tena ukanda wa msitu. Hivyo hema lililovuka jangwa la juu likiwa kavu hulala usiku wake wa mwisho kwenye unyevu, hukunjwa alfajiri likiwa na maji, na jioni yake liko stoo, kwenye joto la Moshi. Watu wamechoka, bakshishi imegawanywa, gari limeondoka. Hema likiachwa hapo ndani ya ganda lake kwa siku chache, ukungu mweusi huanza kwenye mishono. Kibaya zaidi hakionekani kwa macho. Kitambaa cha nje hupakwa ndani utando wa poliyurethani, ambao ndio unaozuia maji. Unyevu pamoja na joto huuvunja utando huo taratibu. Utaujua kwa vidole: ukilikunjua hema, kitambaa kinanata, kinatoa harufu ya uchachu, na baadaye utando hubanduka kama magamba. Hema la hivyo halitibiki.

Kinga ni kazi ya siku ya kwanza baada ya kushuka. Hema litundikwe kivulini likiwa wazi, si juani, kwa kuwa jua hula nailoni. Lioshwe kwa maji baridi na sabuni laini kwa sponji, bila sabuni ya unga wala mashine. Vumbi la volkano lisuguliwe kwa mswaki kutoka kwenye meno ya zipu, maana ndilo linalosaga kichwa cha zipu mpaka kikashindwa kufunga. Na fundi cherehani anayebadilisha kichwa hicho huokoa hema zima. Mishono ya fito, mahali kitambaa kinapoingia ndani, ishikwe kwa mkono kabla ya kuhifadhi, kwa kuwa huko ndiko maji hujificha wakati kwingine kumekauka. Mifuko ya kulalia haifai kukaa imebanwa kwenye ganda lake dogo. Itundikwe, au iwekwe kwenye gunia kubwa la kitambaa. Betri zitolewe kwenye tochi za kichwani. Betri za alkali huvuja na kuota ukoko mweupe kwenye shaba, na ukoko huo huondolewa kwa pamba yenye siki au limao kabla haujala chuma.

Ugonjwa uleule wa utando hukamata viatu. Pale soko la Memorial, mjini Moshi, unaweza kupata buti la mlima la mtumba, ngozi safi, kamba nzima, bei nzuri. Tazama tabaka laini lililo kati ya ngozi na soli. Kama ni la poliyurethani na limekaa miaka kwenye kontena na maghala, linaweza kusambaratika siku ya kwanza ya kutembea, hata kama buti halijawahi kuvaliwa sana. Libonyeze kwa ukucha: likibaki na kovu, likipasuka au likidondosha unga, liache. Likunje pia kwa nguvu na uangalie kama soli inaachana.

Kanuni hii ya kutunza vitu vikiwa vikavu inamfaa hata asiyepanda mlima. Tope lilipoporomoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023, na mafuriko yalipotanda Rufiji mwaka uliofuata, watu walihama na walichoweza kubeba. Mfuko mmoja usiopitisha maji, wenye vyeti, kitambulisho, dawa za wiki moja, tochi na betri zilizo nje ya tochi, uning'inizwe nyuma ya mlango, na kila mwanzo wa masika ufunguliwe na kukaguliwa.

Limebaki jambo linalonigusa zaidi. Wapagazi, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, hubeba hadi kilo 20 zinazopimwa langoni, na wanapita msitu uleule kwenye mvua ileile. KPAP, mradi wa Moshi wa kuwasaidia wapagazi, huwaazima nguo za mlimani bila malipo, na umewasaidia wengi. Ila hema wanalolala ni la kampuni, na mara nyingi ni lile lililozeeka kwenye huduma ya wageni, likateremshwa daraja utando wake ulipoanza kunata. Mpagazi aliyelala amelowa Machame hafiki Barafu na nguvu za kumteremsha mgonjwa kwenye machela ya gurudumu moja saa nane usiku. Basi siku moja kabla ya kuondoka, mgeni aombe hema la wagumu lisimamishwe pale ofisini. Limwagiwe ndoo mbili za maji, kusubiriwe robo saa, kisha mtu aingie ndani na kupitisha kiganja kwenye kila mshono wa paa na kwenye sakafu yote, pembe kwa pembe. Kiganja kikitoka na maji, libadilishwe kabla mizigo haijapakiwa.