Kisa cha Nabii Ayub (a.s.): Kipi cha Wahyi, Kipi cha Wasimulizi?

Huku Mgori, mkoani Singida, mgonjwa akilala muda mrefu hakosi mtu wa kumsimulia kisa cha Nabii Ayub (a.s.). Ni jambo jema. Lakini mara nyingi simulizi hujaa funza waliotafuna mwili wake, na msimuliaji humalizia kwa kumtaka mgonjwa azitazame dhambi zake. Ndugu msomaji, mambo haya asili yake ni nini?

Kitabu cha Ayubu cha Kiebrania, kwa rai ya watafiti wengi, kiliandikwa baina ya karne ya 7 na ya 4 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Kabla yake, watu wa Babeli walikuwa na shairi lao kuhusu mtu mwema aliyepatwa na mateso. Mwaka 1956 tafsiri ya kale ya kitabu hicho kwa Kiaramu ilipatikana katika pango la Qumran. Sehemu yake kubwa ni mjadala: Elifazi, Bildadi na Sofari wanashikilia kuwa anayeteseka lazima amekosa. Mwishoni (42:7) Mungu anawakemea wao, si Ayubu. Basi anayemtuhumu mgonjwa hana hoja hata humo.

Qur'an imekieleza kisa kwa ufupi (21:83-84 na 38:41-44): dhara, dua, maji baridi, ahli zake kurejeshwa, na sifa ya subira. Funza hawamo, wala jina la mkewe. Jina la Rahma limetoka katika vitabu vya Qisasul Anbiyaa, na njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na Utendi wa Ayubu wa pwani yetu, alioutoa Alice Werner huko London miaka ya 1920. Utendi huo ni hazina ya lugha. Si hoja ya itikadi. Kadhi Ibn al-Arabi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki 543 H) aliwaonya zamani watu wasimzulie Nabii huyu yasiyothibiti.

Atasema mtu: mbona aya ya 42:30 yasema misiba ni kwa yaliyochumwa na mikono yetu? Ni kweli. Lakini aya hiyo ni kioo cha kujitazama mwenyewe, si rungu la kumpigia jirani. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa wanaopata mitihani mikali zaidi ni Mitume. Je, nao tuwatuhumu?

Tazama mafaqihi walivyokisoma kisa hiki. Katika ile amri ya kushika kitita cha vijiti ili kiapo kisivunjwe (38:44), Abu Hanifa na Shafi'i waliona nafasi ya tahfifu kwa wengine pia. Malik aliona ni mahsusi kwa Ayub. Wamehitilafiana katika mpaka wa rehema, wala hakuna aliyekigeuza kisa kuwa tuhuma.

Basi tuendapo kumzuru mgonjwa, tuchukue dua ya Ayub, maneno ya Elifazi tuyaache mlangoni. Wallahu a'lam.