Hank Jones, Bingwa wa Kusindikiza

Tarehe 19 Mei 1962, Marilyn Monroe alipomwimbia Rais Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, dunia ilikodolea macho gauni lake. Aliyekuwa kwenye piano hakutazamwa. Sikiliza rekodi ile: sauti ya kunong'ona, mwendo wa kukokota, maneno yanayotoka pale tu mwimbaji anapojisikia. Msindikizaji akiharakisha kidogo tu, mwimbaji anaumbuka mbele ya maelfu. Monroe hakuumbuka, maana kwenye piano alikaa Hank Jones.

Alikwisha kusomea ufundi huo kwa mwimbaji Ella Fitzgerald, aliyempigia kuanzia 1948 hadi 1953. Ella aliuchezea wimbo atakavyo, akiuvuta na kuukatiza. Jones alimwekea noti chache chini ya sauti, kisha akanyamaza pale ambapo mpigaji mwingine angejaza madoido.

Kwao muziki ulikuwa wa ukoo. Alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1918, akakulia Pontiac, Michigan, kwa baba shemasi wa Kibaptisti ambaye jazi hakuitaka kabisa. Dada zake wakubwa walipiga piano. Wadogo zake wakawa Thad, mpiga tarumbeta na mtunzi, na Elvin, aliyezitikisa ngoma nyuma ya mpiga saksafoni John Coltrane. (Shemasi maskini!)

Mwaka 1959 Jones aliajiriwa na kituo cha utangazaji cha CBS, akadumu hadi 1975 kama mpiga piano wa studio: leo kipindi cha Ed Sullivan, kesho chochote kilichoandikwa kwenye karatasi aliyowekewa. Wapo mashabiki wanaoihesabu miaka ile kuwa ya hasara. Si haki. Mtu aliyekuwamo katika albamu *Somethin' Else* ya Cannonball Adderley mwaka 1958, akaketi kwenye piano ya mchezo wa muziki *Ain't Misbehavin'* kule Broadway miaka 20 baadaye, hakupoteza kitu studioni. Mwaka 1995 zilitoka albamu *Steal Away*, nyimbo za kanisani alizopiga na Charlie Haden, wawili tu, na *Sarala*, aliyoipiga na Cheick Tidiane Seck na wanamuziki wa Mali. Kote humo ni yuleyule, na hakuna anapomfunika mwenzake.

Alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 91. Kijana wa leo atajifunzia wapi subira ile? Vituo vilikwisha kuvunja bendi zao za kuajiriwa, na mwimbaji hukabidhiwa mdundo uliopikwa kwenye kompyuta. Akichelewa kuingia, haumngoji.