Romansa, Kilumi na Hadhira Isahihishayo: Uhakiki wa Vikundi Vidogo vya Nyimbo za Jadi

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi simulizi anapoketi kusikiliza kikundi kidogo cha waimbaji wanne au watano wakiimba nyimbo za Kiladino, jambo la kwanza analoambiwa ni umri wa nyimbo hizo. Huelezwa kwamba ziliondoka Uhispania mwaka 1492, pamoja na Wayahudi wa Sefaradi waliofukuzwa huko, na kwamba zimehifadhiwa tangu wakati huo bila kuguswa. Maelezo hayo hukaririwa katika utambulisho wa maonyesho na kwenye majalada ya santuri, kisha umri huo huwa ndio kipimo cha ubora.

Makala haya yanadai kwamba kipimo cha umri hakitoshi na mara nyingi kinapotosha. Badala yake yanapendekeza kipimo kinachotokana na hadhira. Wimbo wa jadi ni hai pale ambapo miongoni mwa wasikilizaji wamo watu wanaoujua kiasi cha kumkatiza fanani, kumkumbusha ubeti aliouruka, au kukataa kumwitikia. Hadhira ya namna hiyo inaitwa hapa hadhira isahihishayo. Ili kipimo hiki kipate kujaribiwa, nyimbo za Kiladino, zilizonyang'anywa hadhira yake kwa mauaji na uhamaji, zitalinganishwa na kilumi cha Wakamba. Kilumi kingali na hadhira hiyo katika sehemu za Ukambani, na eneo la Kathonzweni katika Makueni linatumika kuwa mfano wake.

Umbo la Nyimbo za Kiladino

Wataalamu wamezoea kuzigawa nyimbo hizi katika makundi matatu. Romansa ni utungo wa kusimulia. Ndani yake mna wafalme, mateka, na mke anayengoja mume aliyekwenda vitani na ambaye hamtambui anaporudi. Kopla ni utungo wa beti unaoandamana na sikukuu na mafunzo ya dini, na mara nyingi ulienea kwa vijitabu. Kantika ni wimbo wa mapenzi, wa arusi na wa maisha ya kila siku.

Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili, umbo la romansa halina ugeni mkubwa. Mshororo wake una mizani 16, nao hukatika katikati kuwa vipande viwili vya mizani 8. Mwisho wa kila mshororo hubeba irabu zilezile tangu mwanzo wa utungo hadi tamati, hata kama konsonanti zinabadilika. Utenzi nao una vipande vya mizani 8, na kipande cha nne cha kila ubeti hubeba kina cha bahari kinachoushikilia utungo mzima. Hakuna anayeweza kudai kwamba mmoja ulizaa mwingine. Kufanana huko kunaonyesha tu kwamba mtambaji wa kisa kirefu, popote alipo, huhitaji kipande kifupi cha kupumulia na sauti moja ya kurejea.

Suala la umri lazima ligawanywe. Maneno ya baadhi ya romansa ni ya kale kweli. Ramón Menéndez Pidal, mwanzoni mwa karne ya 20, alizikusanya na kuziorodhesha kwa kuwa aliziona ni ushahidi hai wa ushairi wa Uhispania ya kale. Mahadhi ni jambo jingine. Utafiti wa wanamuziki kama Israel Katz na Edwin Seroussi umeonyesha kwamba mahadhi yanayosikika leo hayawezi kuthibitishwa kuwa yaliletwa kutoka Uhispania, na kwamba mengi yana asili katika miji ya dola ya Uthmaniya na nchi za Balkani. Kantika nyingi zilitungwa katika karne ya 19 na ya 20, nyingine kwa kuazima nyimbo za Kituruki na Kigiriki, na hata tango.

Msikilizaji wa taarabu hatashangazwa na hali hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake wachache kurekodi santuri, muziki waliokwenda nao ulikuwa umepokea ala na mahadhi kutoka Misri, ukavishwa maneno ya Kiswahili. Hakuna mhakiki wa haki anayesema kwamba taarabu ya Siti si ya Kiswahili kwa kuwa udi si wa Unguja. Uswahili wake ulikuwa katika maneno, katika mafumbo, na katika masikio ya Ng'ambo yaliyojua nani anasemwa.

Rhodes na Elisabethville

Hadhira ya Kiladino iliyo karibu zaidi na Afrika ya Mashariki ilikuwa Katanga. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walihamia Kongo ya Wabelgiji na kufanya biashara katika miji ya shaba, hasa Elisabethville, unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Sinagogi lao lilifunguliwa huko mwaka 1930, na rabi Moïse Levy akaanza kazi mwaka 1937. Kiladino kilikuwa lugha ya nyumbani, Kifaransa lugha ya shule na ofisi, na Kiswahili lugha ya soko na mtaa.

Nyimbo za Rhodes zilikuwa hasa mali ya wanawake. Waliziimba pasipo ala yoyote wakimbembeleza mtoto au wakifanya kazi. Kwenye arusi, pale bibi arusi alipopelekwa kuoga au vyombo vyake vilipoonyeshwa, walijipigia matari. Msomaji wa Pwani atakumbuka vugo la Lamu na Mombasa, ambapo pembe za nyati zinazogongwa ndizo hupanga mwendo na wanawake ndio wenye neno. Katika mazingira kama hayo hakuna jukwaa. Anayeimba na anayesikiliza hubadilishana nafasi ndani ya wimbo mmoja, na ubeti uliokosewa hurekebishwa papo hapo.

Mwezi Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa Rhodes na kuwasafirisha hadi Auschwitz. Walikuwa zaidi ya watu 1,600, na walionusurika ni takriban 150. Kwa siku chache hadhira ya karne nne ilifutwa kisiwani. Waliobaki na nyimbo ni wale waliokuwa wamekwisha kuhama, wakiwemo wa Katanga. Nao pia walitawanyika, hasa baada ya serikali ya Zaire kutaifisha biashara za wageni kuanzia Novemba 1973. Wengi walikwenda Ubelgiji, Afrika Kusini na kwingineko, ambako watoto wao walikulia katika lugha nyingine.

Mji huohuo unatoa funzo jingine juu ya sikio linalosahihisha. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha huko, iliyoandikwa na André Yav. Johannes Fabian alipoihariri na kuichapisha mwaka 1990, tahajia yake haikueleweka kwa macho peke yake. Ilibidi msemaji wa Kiswahili cha Shaba, Kalundi Mango, aisome kwa sauti ndipo maneno yakagawanyika vizuri na maana ikatoka. Maandishi yalikuwepo, lakini bila sikio la mwenyeji yalikuwa bubu. Nota na maneno ya romansa yaliyomo katika vitabu vya wakusanyaji yana hali hiyohiyo.

Kikundi Kidogo Jukwaani

Kutokana na pengo hilo ndipo vikundi vidogo vya nyimbo za Kisefaradi viliibuka. Mfano mmoja unaojulikana ni Voice of the Turtle, kikundi cha watu wanne kilichoanzishwa Boston mwaka 1978 chini ya uongozi wa Judith Wachs. Kikundi hiki kiliimba kwa kutumia ala nyingi, za Ulaya ya kale na za Mashariki ya Kati. Sifa yake ni kubwa: kilizifikisha nyimbo kwa watu ambao wasingezisikia kamwe. Hata hivyo, chaguo la ala lina uzito wa kihakiki. Romansa iliyokuwa ikiimbwa na mwanamke mmoja bila ala, kwa mwendo unaofuata pumzi na kisa, ikiwekewa zeze, zumari na ngoma hulazimika kufuata mapigo yaliyo sawa. Kisa huanza kuitumikia tuni. Hadhira isiyojua lugha hailalamiki, kwa sababu haikujua kwamba kulikuwa na kisa.

Kinyume chake ni Flory Jagoda, aliyezaliwa Bosnia mwaka 1923 na kujifunza nyimbo kwa bibi yake katika mji mdogo wa Vlasenica. Jamaa zake wengi wa huko waliuawa katika vita vya pili vya dunia, naye akahamia Marekani mwaka 1946. Mbali na kuimba alizorithi, alitunga mpya. Wimbo wa sikukuu ya Hanuka uitwao "Ocho Kandelikas", ambao wengi wanaudhani kuwa wa kale, ni utunzi wake wa mwaka 1983. Kwa kipimo cha umri, wimbo huo si wa jadi hata kidogo. Kwa kipimo cha hadhira isahihishayo, una haki kuliko nyimbo nyingi za kale zinazoimbwa bila kueleweka: mtunzi wake alibeba ndani yake masikio ya bibi yake, akawa ndiye msahihishaji wa mwisho wa nyumba iliyokwisha.

Hapo ndipo udhaifu wa kipimo chetu unapojitokeza, nao haufai kufichwa. Msahihishaji mmoja si hadhira. Jagoda alifariki mwaka 2021, na wanaoimba tungo zake wanategemea santuri zake. Santuri humrudia mwimbaji neno lilelile kila mara, lakini haiwezi kumjibu.

Kilumi na Kathonzweni

Kathonzweni, mashariki ya Wote, ni sehemu ya nchi kame ya Makueni iliyopokea wahamiaji wengi kutoka milima ya Machakos katika karne ya 20. Kwa hiyo kilumi cha huko nacho ni cha watu waliohama na nyimbo zao. Hali hiyo haijamfanya mtu yeyote akitilie shaka. Kilumi ni ngoma inayoongozwa hasa na wanawake wazee, kwa ngoma kubwa na kwa uimbaji wa kuongoza na kuitikia. Imefungamana na aimu, yaani mizimu, na uponyaji, na pia na maombi ya mvua. Katika nchi ambayo mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo la mkulima, ombi la mvua si pambo. Kiongozi akikosea, kiitikio hukwama, na kiitikio kikikwama ngoma haina kazi.

Kilumi hicho pia kimepanda jukwaani. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, nyimbo na ngoma za jadi huimbwa na wanafunzi mbele ya waamuzi, kwa muda uliowekwa, kutoka ngazi za chini hadi ya taifa. Tamasha limewafundisha vijana wengi kuziheshimu nyimbo za wazee wao. Lakini kadiri kikundi kinavyopanda ngazi ndivyo kinavyoziacha nyuma nyumba zinazokijua kilumi, na mwamuzi asiyejua Kikamba hupima sauti, sare na nidhamu. Wimbo hukatwa ulingane na saa. Njia hiyo ni ileile iliyopitiwa na romansa, ila romansa ilisukumwa kwa nguvu na kilumi kinatembea kwa hiari.

Tofauti kubwa ni kwamba wazee wa Kathonzweni bado wanaweza kuitwa. Mwalimu anayewafunza wanafunzi kilumi anaweza kumketisha mama mzee mbele ya mazoezi na kumpa ruhusa ya kusimamisha wimbo. Mwimbaji wa romansa za Rhodes hana tena mtaa wa kuuliza.

Hitimisho

Uhakiki wa vikundi vidogo vya nyimbo za jadi haupaswi kuishia kwenye swali la wimbo kuwa wa kale au mpya. Unapaswa kuuliza wimbo ulijifunzwa kwa nani, ni beti zipi zimeachwa na kwa nini, ala ziliongezwa kwa manufaa ya kisa au ya tuni, na kama yupo msikilizaji mwenye uwezo wa kusema kwamba sivyo. Kikundi cha Kiladino kinaweza kujibu maswali hayo kwa uaminifu kwa kutaja mji na chanzo cha kila wimbo, kwa kuiacha romansa uchi pale ilipokuwa uchi, na kwa kutoa tarehe ya kweli ya tungo mpya.

Kwa upande wa Ukambani, jukumu la idara za fasihi ni kubwa zaidi kwa sababu muda bado upo. Kurekodi kilumi ni kazi njema, lakini kinasa sauti hakisahihishi. Utafiti unaostahili sasa ni ule unaoandika pia makosa: pale mwimbaji alipokatizwa, nani alimkatiza, na alisema nini.