Karoti Kabla ya Shoti

Katika NetHack, farasi ni herufi moja: u ndogo ya rangi ya kahawia. Mchezaji mwenyewe ni alama ya @, mlango uliofungwa ni +, na dunia nzima ya mapango inaenea ndani ya skrini ya safu 80 na mistari 24. Manyoya hayaonekani, kwato hazisikiki. Hata hivyo sijakutana na mchezo mwingine wa kompyuta unaompa farasi heshima kiasi hiki. Heshima hiyo imo katika hesabu iliyo nyuma ya herufi, na inamtaka mpandaji awe na subira kabla ya kuwa na kasi.

NetHack ulitoka mwaka 1987, ukiwa mtoto wa Hack na mjukuu wa Rogue wa 1980. Unagawiwa bure, umeandikwa na watu wa kujitolea, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Anayecheza hushuka orofa baada ya orofa kutafuta hirizi iliyofichwa chini kabisa, na akifa, amekufa. Huanza upya na mtu mwingine. Kupanda wanyama kuliingia kwa toleo la 3.3.0, mwaka 1999. Faili la msimbo linaloshughulikia jambo hilo linaitwa steed.c, na juu yake limeandikwa jina la Kevin Hugo. Si refu. Nimelisoma kwa raha ile ile ninayoipata nikitazama fundi mzuri akiunga mbao mbili bila msumari, kwa sababu kila sharti lililomo lina maana kwa mtu aliyewahi kumkaribia mnyama mkubwa.

Mchezaji anayechagua kuwa askari farasi huanza na upanga, mkuki mrefu, tofaa 10 na karoti 10. Kando yake amesimama poni, tayari ametandikwa. Haraka ya kawaida ni kuruka mgongoni papo hapo. Hapo ndipo ufundi wa mchezo huu unapoanza kuonekana.

Kila mnyama wa kufugwa ana nambari ya mazoea, isiyoonyeshwa kwenye skrini, inayoeleza amemzoea bwana wake kiasi gani. Kwa mnyama wa aina ya farasi, mbwa au paka huanzia 10, na kilele chake ni 20. Mtu anapotaka kupanda, mchezo hujumlisha daraja lake na mazoea ya mnyama, kisha hurusha dadu ya pande 20. Dadu ikizidi jumla hiyo, mtu anateleza na kuanguka, na anguko hilo humpunguzia uhai kati ya pointi 10 na 19. Sasa mtazame askari wetu wa daraja la kwanza, binadamu mwenye uhai 16. Jumla yake ni 11. Dadu ikileta 12 au zaidi, yaani mara 9 katika kila 20, anaanguka. Na katika kila maanguko 10, manne yanatosha kumuua, mguu mmoja ukiwa bado hewani, kabla hajakutana na adui hata mmoja.

Wapo wanaoona huo ni ukatili. Mimi naona ni ukweli uliowekwa mahali pake. Poni huyo hakujui. Ana tandiko, lakini tandiko halijamwambia wewe ni nani.

Dawa iko mfukoni. Ukimrushia poni tofaa au karoti, huidaka na kuila, na kila anapokula mazoea yake hupanda kwa moja. Kila tofaa basi hupunguza nafasi ya kuanguka kwa sehemu moja katika 20. Ukimlisha mara tisa, mazoea yanafika 19, jumla inakuwa 20, na dadu haiwezi tena kukushinda. Una tofaa 10 na karoti 10. Waliopanga mzigo ule wa mwanzo walimpa mtu chakula cha kutosha kumfanya farasi wake rafiki kamili, na kingine cha njiani, kisha wakanyamaza. Hakuna maandishi yanayomwambia alishe kwanza. Mwenye subira hulijua hilo kwa kutazama.

Kulisha nako kuna mipaka yake. Mbwa wa NetHack hupata riziki kwa urahisi, kwa kuwa mapango yamejaa mizoga na yeye hula karibu kila nyama. Farasi hula mimea. Tofaa na karoti huzipokea wakati wowote. Mapeari, machungwa, matikiti na matunda mengine huyakubali akiwa na njaa. Mizoga ya kuvu anaila pia, ndiyo maana wapandaji wa muda mrefu huokota mizoga ya lichen, ambayo haiozi kamwe. Lakini chakula cha binadamu, yaani biskuti, mikate ya safari na mgao wa makopo, hakigusi. Unaweza kuwa na shehena ya kukulisha wewe hadi mwisho wa safari huku mnyama uliyemkalia akikonda.

Tofaa moja humshibisha poni kwa zamu 250. Akishakuwa farasi mzima, mwili umekuwa mkubwa, na tofaa lile lile linamtosha zamu 200 tu. Njaa ikipita kikomo kwa zamu 500, uhai wake wa juu kabisa hushuka hadi theluthi na huanza kuyumba kwa kuchanganyikiwa. Zikifika 750, anakufa. Mpandaji makini kwa hiyo hubeba hesabu mbili za njaa, yake na ya mnyama, na ya mnyama ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa haionekani popote kwenye mistari ya chini ya skrini. Lazima uikumbuke mwenyewe. Zuri ni kwamba huhitaji kushuka ili kumlisha: ukiwa juu ya tandiko, angusha karoti pale pale mliposimama, naye ataila.

Wengi wa wachezaji ninaowastahi hawampandi poni mapema hata akishazoea. Humwacha atembee kando yao katika orofa za mwanzo. Poni hukua kwa kuua: akifika daraja la 4 anageuka farasi, akifika la 7 anakuwa farasi wa vita, na teke lake huongezeka uzito kila anapobadilika. Tena mnyama anayetembea huru ana kipaji kimoja cha thamani kubwa. Hukwepa kukanyaga kitu kilicholaaniwa, au akilazimika hukikanyaga kwa kusitasita, na mchezo hukuarifu kwamba amesita. Ukiona kofia ya chuma sakafuni, mngoje poni apite. Akipita juu yake bila wasiwasi, ivae. Ushirikiano wa namna hiyo unapatikana kwa anayetembea pamoja na mnyama wake, na unaanza kabla ya kupanda.

Askari farasi ana upendeleo mmoja mkubwa: kupanda hakumgharimu kitu. Mtu wa kazi nyingine yoyote, awe mchawi, mganga au mchimba mambo ya kale, kila anapopanda hupunguza mazoea ya mnyama kwa moja, na yakifika sifuri mnyama anamkataa. Kwa hiyo akitaka kuwa mpandaji, itambidi arudishe kwa karoti kile anachokitumia kwa kupanda na kushuka. Kwanza, hata hivyo, ampate farasi. Farasi wa porini huko chini huja kwa ukali, akipiga mateke na kuuma, na jibu la mwenye ujuzi ni kumrushia tofaa badala ya mshale. Akila, uadui umekwisha hapo hapo. Ila kuwa macho: nyati mwenye pembe moja wa hadithi za Ulaya naye ni herufi u, na hutofautiana na farasi kwa rangi tu.

Baada ya hapo linatafutwa tandiko, ambalo ni adimu na zito. Mara chache sana, katika farasi mmoja kwa kila 100, mnyama hutokea akiwa ametandikwa tayari. Vinginevyo utamtandika mwenyewe, na hesabu ya kazi hiyo inanipendeza kuliko zote katika faili lile. Mchezo hupima wepesi wa mikono yako, nusu ya haiba yako, mazoea ya mnyama mara mbili, na daraja lako, ambalo likizidishwa linapita yote hayo kwa uzito. Huongeza au kupunguza kwa kadiri ya ujuzi wako wa kupanda. Ukiwa umechanganyikiwa au vidole vyako vinateleza kwa mafuta, nafasi inashuka. Tandiko likiwa na laana, inaporomoka. Na ikitokea kwamba glavu ulizovaa ndizo zile ambazo mchezo umeziita za kupandia farasi, unapata nyongeza ya 10, ingawa nguvu halisi ya glavu hizo inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Wachezaji wa NetHack wana msemo kwamba kundi la waundaji wake limefikiria kila jambo. Mahali kama hapa msemo huo unastahili.

Halafu kuna kupanda kwenyewe. Binadamu wa kawaida ana mwendo wa 12. Poni ana 16, farasi 20, farasi wa vita 24, nawe ukiwa juu yake mwendo wake ndio wako. Maana yake ni kwamba juu ya farasi wa vita unapata hatua mbili pale mtu wa miguu anapopata moja. Ukitaka zaidi, unaweza kumpiga teke mnyama wako naye ataenda shoti kwa zamu kati ya 30 na 49, kwa wastani wa mara moja na nusu ya mwendo wake. Lakini teke hilo hupunguza mazoea kwa moja, na papo hapo dadu ya pande 20 inarushwa tena. Ukishindwa, anakutupa: unapoteza uhai 10 hadi 19, na miguu yako inaumia, na mwenye miguu iliyoumia haruhusiwi kupanda hadi apone. Mtu aliyelisha vizuri anaweza kutumia teke siku ya hatari kubwa na kisha kulilipa kwa karoti. Mtu anayepiga mateke kila ukumbi atajikuta chini mbele ya adui aliyekuwa akimkimbia.

Mazoea hupungua hata bila teke. Ukimwacha farasi orofa nyingine, kila zamu zipatazo 150 unazokuwa mbali humtoa moja. Kaa mbali sana, na utakaporudi anaweza kuwa mgeni, au adui.

Ujuzi wa mpandaji hukua polepole vile vile. Mchezo huhesabu muda ulioutumia juu ya tandiko, na kila baada ya zamu 100 hivi hukupa hatua moja tu ya mazoezi. Asiye na ujuzi wa msingi hawezi hata kuinama kuokota kitu sakafuni bila kushuka. Askari farasi anao ujuzi huo tangu mwanzo na anaweza kuupandisha hadi ubingwa, na njia ya kufika huko ni kupanda, siku baada ya siku ya mapango, akilisha njiani.

Faida yake inaonekana mkuki unapoingia kazini. Mkuki mrefu kwa mtu wa miguu ni silaha ya wastani. Juu ya farasi, pigo linaloingia linaweza kuwa la shambulio la kasi: mara 2 katika 5 kwa mwenye ujuzi wa msingi wa mkuki, mara 4 katika 5 kwa bingwa. Likitokea, madhara ya dadu mbili za pande 10 huongezwa juu ya yale ya kawaida, na adui huachwa akipepesuka, tena kama si jitu hurushwa nyuma hatua moja. Mara moja moja, takriban pigo moja katika 250, mkuki wenyewe hupasuka. Mchezaji anayefika hapa akiwa na farasi wa vita aliyemlea tangu akiwa poni huwasafisha maadui wa kumbi pana kwa namna ambayo mwenye upanga wa kawaida haifikii.

Mwenye duka, hata hivyo, hajali ubingwa. Ukifika mlangoni kwake ukiwa juu ya farasi, atakuomba kwa adabu umwache nje, na hatakupisha mpaka ushuke. Kwa askari farasi hiyo ni kero ndogo. Kwa wengine ni mazoea moja yatakayopotea wakati wa kupanda tena. Wapandaji wazuri huingia, huuliza bei ya wanachokihitaji, na kabla ya kuondoka huangalia kama kwenye rafu za vyakula kuna tofaa.