Sifa za Mwimbishaji Chenja

Kuruta wa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Mgambo, wilayani Handeni, hufundishwa mengi kwa kufokewa: kwata, usafi, kutandika kitanda. Kupumua hafundishwi. Hilo analiokota mwenyewe kwenye mchakamchaka wa alfajiri, nyuma ya mtu anayeimbisha chenja, zile nyimbo za kijeshi za kuitikiana, na kwa maoni yangu ndilo somo litakalomfaa zaidi siku atakapojikuta amevaa bereti ya buluu ya walinda amani katika nchi ya watu.

Kazi ya mwimbishaji ni ngumu kuliko inavyosikika. Anakimbia kama wenzake, tena anaimba, na nafasi yake ya kuvuta pumzi ni ile tu kombania inapoitikia. Kwa hiyo mistari yake haina budi kuwa mifupi. Mkazo wa neno uangukie mguu wa kushoto. Ukikosea, vishindo vya miguu vinatawanyika kama mahindi yaliyomwagwa kwenye bati. Yeye akiimba, wao wanavuta hewa, wakiitikia, wanaitoa. Ndiyo maana mtu ambaye peke yake angeishiwa pumzi mapema anafika mwisho akiwa bado ana sauti. Mwimbishaji hodari husikiliza mkia. Kiitikio cha nyuma kikianza kuchelewa, anajua kuna waliochoka. Hatoi amri, anabadili chenja tu, anashika ya mwendo wa taratibu, na safu inajikusanya bila aliyelegea kuaibishwa.

Wanaokimbia siku hizi na spika masikioni sina ugomvi nao. Ila muziki wa kwenye simu haujui kama wewe umechoka.

Ufundi huu unasafiri na askari. Watanzania wamelinda amani Lebanon na Darfur, na mwaka 2013 walipelekwa mashariki mwa Kongo. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo, wenzao 7 waliuawa Darfur Kusini. Tarehe 7 Desemba 2017, zaidi ya 10 wakauawa kambini Semuliki, upande wa Beni. Baada ya habari kama hizo, kumwambia askari atulie ni kupoteza maneno. Kifua kilichobana hakisikii nasaha. Lakini kifua hichohicho kikipewa chenja kinatii, kwa kuwa hakiwezi kuitikia bila kutoa pumzi, wala kuitoa bila kuivuta. Hofu haijaondoka. Imepangwa mstari tu, nayo inakwenda kushoto, kulia, pamoja na watu.

Na chenja haina masharti ya kwao wapi. Mtu wa Korogwe akiutaja Mto Pangani au mashamba ya mkonge, wa Songea ambaye hajawahi kuyaona ataitikia kwa nguvu zote, kisha zamu yake ikifika ataimbisha ya kwao. Hapo ndipo utulivu wa ugenini unapopatikana, wala si kwenye kukaa kimya na kufumba macho.

Chenja huishi midomoni, na mwimbishaji akistaafu anaondoka nazo. Basi wewe kijana wa Handeni au Korogwe mwenye simu inayorekodi, kama mtaani kwenu yuko mstaafu wa jeshi, nenda ukampe shikamoo, umwombe akuimbishie mbili tatu, nawe uitikie. Usingoje jioni. Sauti ya chenja ni ya alfajiri, na yeye saa kumi na moja ameshaamka.