Geuza Reli, Utazame Kitako

Nimechoka kuona reli za mfano zikimwagiwa sifa kwa sababu ya nyasi zilizopandwa vizuri na kokoto zilizopakwa rangi, wakati reli zenyewe zimekatwa ovyo. Kazi moja iliyosifiwa majuzi ina mwanya wa milimita nzima kwenye kila kiungio, tena mwanya wenyewe umekaa mshazari. Behewa likifika hapo linaruka. Na bado watu wanamuuliza mwenye kazi ametumia kifaa gani, ili na wao wakanunue!

Kifaa cha kukatia reli hakipimwi kwa bei wala kwa mng'aro wa makali. Kinapimwa kwa kitako cha reli. Anayeanza hukata, akatazama kichwa kwa juu, akaona kimenyooka, akaridhika. Ageuze kipande. Chini, kwenye pembe mbili za kitako, ndipo koleo baya linapoacha kijino cha chuma kilichobenuka. Ni kidogo mno kukiona ukiwa umesimama, lakini ukipitisha ukucha taratibu kuelekea ncha, utakwama. Kijino hicho ndicho kinachokizuia kiungio, kile kibati cha kuunganishia reli, kuingia. Ukikilazimisha, kiungio kinapanuka, kinalegea, na baada ya muda umeme unaanza kukatika-katika. Garimoshi linasimama mahali palepale kila siku, na mwenyewe anafungua injini kutafuta ubovu usiokuwamo.

Koleo la kweli la reli lina upande mmoja bapa na mwingine wenye mteremko. Upande bapa unaacha ncha iliyonyooka. Wenye mteremko unaminya. Kwa hiyo bapa lielekee kipande unachobaki nacho, kila mara, hata kama itakubidi uzungushe ubao mzima. Xuron 2175B ndilo ninalolikubali, na halikatishwi kitu kingine. Siku utakapolikatia waya wa chuma kigumu, makali yatapata pengo, na pengo hilo utaliona kwenye kila kitako kuanzia siku hiyo.

Matapeli wapo. Nilimwona muuzaji aliyesaga upande mmoja wa koleo la kawaida la nyaya, akaliita la reli, akawa analijaribu mbele ya wateja kwa waya wa kulehemu. Waya ule hata mkasi wa nguo unaukata. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, mpe kipande cha nikeli-silva, reli ya 100, yenye kimo cha milimita 2.54, akikate hapo hapo. Reli ya 55 isikudanganye. Ni nyembamba, inamstahi kila mtu.

Mashine ya mkono yenye kisahani siitaki kwenye reli. Tumbo la mota linagusa ubao, kisahani kinalala, na mkato unatoka mshazari. Tena joto lake linayeyusha mataruma ya plastiki.

Msumeno ndio wenye heshima: bamba jembamba, mgongo mgumu, meno yasiyopungua 40 kwa inchi. Kwa mwanya kwenye reli iliyokwisha kulazwa, pale koleo haliingii, hakuna mbadala. Ila reli ishikwe kwenye kipande cha mbao kilichochongwa mfereji, la sivyo inatetemeka na meno yanavunjika.

Mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli Nairobi, aliyekuwa akijenga injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 kwa kipimo cha 1:87 juu ya njia ya milimita 12, hakuwa na koleo kabisa. Alikata kwa msumeno, kisha akasimamisha kipande juu ya kioo cha kujitazamia. Reli na kivuli chake kiooni vikiwa mstari mmoja, mkato ni mraba. Vikivunjika hata kidogo, alinirudishia: "Mwanangu, hii bado." Siku hizi watu wanabofya vipande vya kiwandani wakaita hiyo ni njia. Wazee wale walipigilia reli taruma kwa taruma, na behewa likipita ulisikia mlio mmoja, sawasawa, kutoka kiungio hadi kiungio.

Tupa ndogo ni ya lazima hata kwa msumeno mzuri. Piga mara mbili tatu chini ya kitako kwa mshazari mdogo, halafu jaribu kiungio kwa vidole vitupu. Kikihitaji koleo ili kiingie, rudia kupiga tupa.