Muhuri wa Peni Tisa

Mkusanyaji wa katuni za zamani utamjua kwa pale anapotazama kwanza. Mpe mtu wa kawaida nakala ya Superman, ataangalia misuli na joho jekundu. Mkusanyaji ataigeuza ubavu, atazame mgongo, apapase pini mbili za katikati kama zimeshika kutu, ainuse karatasi, kisha macho yake yatue kwenye kona ya juu penye bei. Hapo ndipo kazi yake inapoanzia. Bei humwambia nakala ilikusudiwa nani, ilipitia mikono gani, iliuzwa wapi. Ugomvi wa mashujaa na mahasimu wao utasubiri.

Hapa Siongiroi, katika Chepalungu, tuko kandokando ya nchi ya chai zaidi ya kuwa ndani yake. Chai yenyewe iko juu, kuelekea Konoin na Kericho. Sisi ni watu wa maziwa na mahindi. Sokoni maneno ni bei ya lita, mvua na karo. Mtu mzima akikutwa ameinamia katuni yenye umri wa miaka sitini, ataulizwa kama amekosa kazi. Nami huona kwamba hii ni kazi, tena ni ufundi, na haina tofauti na ufundi mwingine wowote unaotaka jicho, subira na kumbukumbu.

Ninayo nakala moja ya kampuni ya DC ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, niliyoiokota Kericho katika rundo la vitabu vya shule vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini hadi mnunuzi ainame. "Mwalimu, hiyo haina maswali ya mtihani," mama muuzaji alinitahadharisha. Nikamwambia anipe hivyo hivyo. Akanitoza bei ya kitabu cha hadithi cha darasa la nne, akashangaa sikubishana.

Jalada lake limechapishwa senti 10, za Marekani. Lakini pembeni, juu ya anga la samawati, kuna muhuri wa duara uliogongwa kwa mkono, umepinda kidogo, wino umekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili: 9d. Herufi hiyo d ilikuwa alama ya peni za Kiingereza. Aliyegonga muhuri hakujali kwamba ameingilia mchoro wa watu. Alikuwa na marobota ya kumaliza kabla ya jioni.

Muhuri ule una historia yake. Vita Vikuu vya Pili viliiacha Uingereza bila dola za kutosha, na kwa miaka mingi katuni za Marekani zilizuiwa zisiagizwe kwa biashara. Wachapishaji wa huko wakaziba pengo kwa kuchapisha upya hadithi za Kimarekani, nyingi kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mmoja wao, L. Miller & Son, aliishi kwa Captain Marvel. Mwaka 1953 Captain Marvel akasimamishwa kwao Marekani baada ya kesi ndefu na wenye Superman. Miller akabaki na wasomaji bila shujaa, akamwomba mtunzi Mick Anglo amtungie mwingine haraka; ndipo Marvelman alipozaliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria dhidi ya katuni za kutisha, kana kwamba watoto wa nchi iliyopigwa mabomu walihitaji kulindwa dhidi ya mizimwi ya karatasi.

Mwishoni mwa 1959 lango likafunguliwa. Kampuni ya Thorpe & Porter ya Leicester ikaanza kupokea marobota kutoka ng'ambo ya Atlantiki na kuyasambaza kwenye maduka ya magazeti. Za DC ziligongwa muhuri moja moja, kama hii yangu. Za kampuni ya Marvel, kuanzia 1960, zilifanyiwa jambo la werevu zaidi: kiwandani huko Marekani bei ya jalada ilibadilishwa mtamboni, senti zikaondolewa, 9d ikawekwa, na uchapaji ukaendelea. Mtambo ulikuwa ule ule, wino ule ule, karatasi ile ile, na hadithi haikubadilika hata nukta. Hata toleo la Amazing Fantasy la Agosti 1962, lile ambamo Spider-Man alijitokeza kwa mara ya kwanza, lina ndugu zake wenye 9d.

Hata hivyo, kwa miaka mingi nakala za peni zilidharauliwa. Wanunuzi wa Marekani waliziona kama marudio, watoto wa nje ya ndoa, na wakazipunja bei. Zile za muhuri ndizo zilizosemwa kabisa: zimechafuliwa. Mimi nasema kinyume, na hili ndilo ninalotaka kulitetea. Muhuri ndio shahada ya nakala. Nakala isiyo na alama yoyote, iliyotoka kiwandani ikaingia katika mfuko wa plastiki, haina la kueleza zaidi ya lile alilochora mchoraji. Nakala yenye muhuri imevuka bahari, imepita ghalani, imepewa bei ya nchi nyingine, na ushahidi wake wote imeuvaa kifuani.

Fanya hesabu uone ilivyo tamu. Pauni moja wakati huo ilikuwa na peni 240, na ilibadilishwa kwa dola 2.80. Peni tisa basi ni senti kumi na nusu za Marekani. Yaani baada ya meli, ghala, muhuri na faida ya mwenye duka, mtoto wa Leicester alilipa karibu sawa na mtoto wa New York! Mtu anaweza kukaa jioni nzima akijiuliza faida ilipatikana wapi. Na kwa kuwa shilingi yetu ya Afrika Mashariki ililingana na shilingi ya Kiingereza yenye peni kumi na mbili, peni tisa hizo hapa zilikuwa senti 75: thumuni moja, senti kumi mbili na senti tano. Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza wakaziacha shilingi na peni zao za kale, kwa hiyo alama ya d peke yake inatosha kukuambia uko upande gani wa siku hiyo.

Kuna matoleo ambayo hayakusambazwa Uingereza kabisa. Mtoto alisoma sehemu ya kwanza, akangoja, akaletewa ya tatu. Wakusanyaji wa huko wametumia miaka wakilinganisha mihuri ili kujua ni mwezi gani shehena ilifika na ni mwezi gani haikufika. Hakuna aliyewaajiri. Matokeo yake ni historia ya biashara ambayo wenye biashara wenyewe hawakuiandika.

Na mezani kwa mtoto huyo huyo wa Leicester kulikuwa na pakiti ya chai. Brooke Bond, kampuni iliyoanza kazi Kenya katika miaka ya 1920 na ikawa na mashamba makubwa Kericho, ilianza mwaka 1954 kutia kadi za picha ndani ya pakiti zake za Uingereza. Mwaka 1961 ilitoa seti ya wanyamapori wa Afrika, kadi 50, zilizochorwa na Charles Tunnicliffe, mmoja wa wachoraji bora wa ndege na wanyama waliopata kuishi. Watoto walizigandisha kwenye albamu na kubadilishana zilizozidi uwanjani mwa shule. Basi peni za mfukoni zilikwenda kwa Superman, na chai ya mama ikaleta ndovu. Mchumaji chai wa Kericho hakuwa na kadi yake katika seti ile, maana hakuwa mnyamapori, sisemi zaidi. Lakini ukitaka kujua jinsi dunia ilivyofungamana, weka kadi moja ya Tunnicliffe kando ya katuni yenye 9d. Karatasi hizo mbili ziliingia katika nyumba zile zile, kwa mikono midogo ile ile.

Sasa tuje kwetu, maana tunazo zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Drum Publications ilileta jarida la African Film, hadithi za picha za kamera zenye maneno ndani ya viputo, zilizouzwa Nairobi kama zilivyouzwa Lagos na Accra. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, The Spear, mpelelezi mwenye kofia ya Panama, tai ya kipepeo na gari la Corvette, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi. Msaidizi wake Sonia na kijana Lemmy walijulikana na wasomaji wa rika lile kuliko mawaziri kadhaa. Dar es Salaam, Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alianzisha Film Tanzania kwa mtindo huo huo. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst wakatoa Joe, jarida la vicheko vya mlalahoi wa mjini, lililodumu hadi 1979. Katika miaka ya 1980 Kul Graphics ikaleta Pichadithi, ngano zetu kwa michoro, Lwanda Magere akiwemo, na humo alichora Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi nyumba yake. Na muda wote huo Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa akifanya ujuha wake ndani ya Taifa Leo, siku baada ya siku, miongo kwa miongo.

Ziko wapi? Nyingi tulizila. Sisemi kwa mafumbo: zilifunga karanga, zilifunga sukari ya robo, zilifunga nyama. Nyingine zilivalishwa madaftari ya shule zikawa majalada. Nyingine zilibandikwa kwa uji wa unga kwenye kuta za udongo, na huko ndiko wengi wetu tulikojifunza kusoma, shingo imepinda kwa sababu aliyebandika alibandika kichwa chini. Siwezi kuwalaumu wazee. Karatasi ilikuwa na kazi, na ukuta ulikuwa na upepo. Lakini ndiyo maana toleo zima la Joe, lenye jalada na pini zake, linapatikana kwa shida kuliko katuni nyingi za Marekani zinazouzwa kwa mbwembwe. Zile zilichapishwa kwa mamia ya maelfu na zikapata watu wa kuzihifadhi mapema. Zetu zilipata watu wa kuzitumia.

Alama za majarida yetu nazo ni za kwetu. Jina la mwenye nakala kwa kalamu ya wino, na jina la shule chini yake. Muhuri wa duka. Duara la kikombe. Mikwaruzo ya mtoto aliyejaribu kunakili kofia ya Spearman pembeni mwa ukurasa, akashindwa ukingoni, akaanza tena chini zaidi. Mimi sifuti hata moja.

Kuhusu kuhifadhi, sitachukua muda mrefu, ila kuna mambo ambayo vitabu vya Wazungu havikuambii. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake mna asidi inayoila polepole. Mwanga na unyevu huharakisha. Kericho, ambako mvua hainyamazi, adui ni kuvu. Siongiroi ni pakavu kidogo, adui ni mchwa na joto la bati. Sanduku la chuma lililowekwa juu ya matofali, mbali na ukuta, linashinda kabati la mbao la bei kubwa. Pini yenye kutu iondolewe kabla haijachora duara la kahawia kwenye kurasa za katikati. Usitumie selotepu, kamwe. Ile gundi itageuka manjano na kuichukua rangi pamoja nayo. Jambo la ajabu ni kwamba nakala nzuri kuliko zote nilizowahi kuona za African Film zilitoka darini mwa jikoni, juu ya moto wa kuni. Moshi ulikuwa umezikausha na kuwafukuza wadudu. Zilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya kuwasha macho, lakini kila ukurasa ulikuwepo.

Wapo wanaokusanya kwa ajili ya pesa, na habari zao ndizo zinazofika magazetini. Mwaka 2021 nakala moja safi ya lile toleo la Spider-Man la 1962 iliuzwa dola milioni 3.6. Nakala za namna hiyo hufungiwa ndani ya plastiki ngumu na kupewa alama hadi kumi, na tangu hapo hakuna anayezifungua. Sina ugomvi na mwenye pesa zake, lakini kitabu kisichofunguliwa ni tofali la dhahabu lenye picha, na mlinzi wake ni mweka hazina tu. Mkusanyaji ni yule anayeweza kukuambia kwa nini bei imekatwa kalamu, kwa nini toleo la tisa halipo, na ni gari gani lilileta robota.

Kazi hiyo bado ipo, hata kwa karatasi za juzi. Jarida la katuni la Shujaaz lilianza mwaka 2010, likatolewa bure ndani ya gazeti na kupitia maduka ya M-Pesa, hata huku vijijini. Kwa kuwa lilikuwa la bure, hakuna aliyeona haja ya kulitunza. Matoleo yake ya mwanzo yanakwenda njia ya Joe, tena kwa kasi, na walioyasoma bado hawajafika hata umri wa kuota mvi.

Kwa hiyo, wewe uliye na sanduku la marehemu mjomba, au dari la jikoni ambalo halijafagiliwa tangu nyanya alipoondoka, angalia kabla ya kuwasha moto. Ukikuta katuni, usiing'arishe, usiikate kingo, usifute jina la mtu. Chukua kipande cha karatasi, andika kwa penseli umeipata wapi, lini na kwa nani, ukiweke ndani ya jalada. Kisha mtafute mtu wa kumwonyesha, hata kama atakuuliza umekosa kazi.